Majina 403 bila sura: sisi wa Bukavu tuyasome na nini?

Wandugu ba-agronomu, na ninyi wadogo wetu munaoandaa TFC ama memwari,

Mu mwezi wa pili 2021, gazeti la sayansi linaloitwa ZooKeys lilitoa kazi ya Michael Sharkey na wenzake juu ya nyigu wa Costa Rica. Mu kazi ile moja walitoa majina kwa aina mpya 403 za nyigu wa familia ya Braconidae. Kuna mtaalamu anatumika maisha yake yote na hafikishi hesabu hiyo. Kazi yenyewe ni ya bure, mwenye mega kidogo anaweza kuishusha mu simu. Mie niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nilikaa kimya, juu niliona kwamba mu kurasa zote zile hakuna namna mie, na lupe yangu na sindano yangu, naweza kumtambua hata mmoja wa nyigu wale kwa jina lake. Leo nataka tujadili jambo hilo. Ni kazi kubwa, na kazi kubwa inastahili kusifiwa na kukosolewa vilevile.

Kwanza tuelewane juu ya mdudu mwenyewe. Hatuongelei nyigu wakubwa wale wanajenga kwenye dari na kuuma watoto. Tunaongelea parasitoidi. Mama anatafuta kiwavi ama yai la mdudu mwingine, anaingiza sindano yake ya kutagia, anaacha yai lake humo ndani. Mtoto anakula kiwavi toka ndani, polepole, mpaka kiwavi kinakufa. Kwa mkulima wa Kabare ama wa Ruzizi, nyigu huyo ni mfanyakazi asiyeomba mshahara. Shida ni kwamba wengi wana milimita mbili, tatu, na wale wa mayai hawafikishi hata moja. Ukiwaweka mu kisahani, kwa macho yako wote ni vumbi jeusi lenye mabawa.

Njo maana, tangu zaidi ya miaka mia, mtaalamu anatafuta alama ndogo mwilini. Anaangalia mishipa ya bawa: kuna mshipa mmoja wa bawa la mbele ambao Ichneumonidae kwa kawaida wako nao, na Braconidae karibu wote hawana. Anahesabu vipande vya antena: Microgastrinae, wale tunaokutana nao sana kwenye viwavi, wako na vipande 18. Anapima urefu wa sindano ya kutagia, anatazama mikunjo na vishimo vya mgongo karibu na kiuno, anaangalia vinyweleo vilivyo pembezoni mwa bawa. Na pale yote hayo yanakataa kusema, anachukua dume, anamlainisha mu potasi, anafungua sehemu zake za siri kwa sindano, anaziweka kati ya vioo viwili chini ya mikroskopi. Kwa vikundi vingi vya nyigu, hapo ndipo jina linapatikana.

Hiyo ni kazi ya uvumilivu. Lakini faida yake ni hii: alama ikishaandikwa na kuchorwa, mutu yeyote mwenye mikroskopi anaweza kuitafuta. Akiwa Ibadan, akiwa Nairobi, akiwa Mulungu, mwaka huu ama miaka 50 mbele.

Sharkey na wenzake walifanya nini?

Waliamua kwamba njia hiyo ni ya polepole mno. Kwa sehemu kubwa ya aina zao, walitoa vitu viwili vya msingi: picha ya mdudu kwa upande, na barkodi ya ADN. Barkodi hiyo ni kipande kimoja cha jeni moja, herufi 658 hivi. Kwa hiyo ukiuliza "aina hii inatofautiana vipi na jirani yake?", jibu wanalokupa ni mfululizo wa herufi A, C, G na T. Hawakuelezi mishipa ya bawa wala vipande vya antena. Wenyewe wanaiita njia ndogo, ya kupunguza mambo, na hawaifichi.

Sababu yao ni nzito, na si haki kuipita haraka. Misitu inaisha. Parasitoidi ambao hawana jina ni maelfu kwa maelfu, na wanaojua kuwasoma ni wachache na wanazeeka. Ukiendelea kuandika kurasa mbili za maelezo kwa kila nyigu, aina nyingi zitakufa kabla ya kufikiwa. Sisi tunaoona vile Kahuzi-Biega inavyotafunwa pembeni na makaa, hatuwezi kucheka hoja hiyo.

Na kuna kitu kimoja mu kazi ile ambacho mie nakipigia makofi kwa mikono yote miwili: kwa aina 219, wanatuambia nyigu alitoka mu kiwavi gani. Habari hiyo haikutoka kwenye mashine. Ilitoka kwa watu wa Guanacaste, watu wa vijijini, wengi bila diplomu ya chuo kikuu, ambao Daniel Janzen na Winnie Hallwachs walifanya nao kazi kwa miaka mingi. Hesabu ya viwavi ya pale ilianza 1978. Wanaokota kiwavi, wanakilisha majani yake, wanangoja kipepeo ama nyigu atoke, wanaandika tarehe na mti. Kwa mutu wa kilimo, kujua nani anakula nani ni nusu ya kazi. Vitabu vingi vya zamani vyenye michoro mizuri ya mabawa havina habari hiyo hata mstari mmoja.

Sasa nije kwenye yale sikubaliani nayo.

La kwanza: jina ni chombo, na chombo kinahitaji mushiko

Jembe bila mpini ni chuma tu. Jina la mdudu linasaidia pale ambapo mutu mwingine, aliye mbali, anaweza kulichukua na kulitumia kwa mdudu aliye mbele yake. Chukua mwanafunzi wa Bukavu. Ametoka Kamanyola na chupa kumi za viwavi-jeshi, nyigu wametoka. Iko na alkoholi ya famasi, iko na lupe ya chuo siku ambazo courant ipo, iko na sindano ya kushona. Mpe ufunguo wa kutambua, ile tunaita kle, wenye alama za mwili na michoro safi. Atateseka wiki mbili, lakini atafika mahali. Mpe herufi 658. Atafanya nini nazo? Itabidi alipie usafirishaji, atafute barua za kutoa mifano nje ya nchi, amuombe mutu wa nje ampime, na mara nyingi jina la mutu huyo litaandikwa mbele ya lake kwenye kazi.

Mutu atasema: mashine zinapungua bei kila mwaka, kesho zitakuwa hata kwetu. Inawezekana, na ninaiombea. Lakini ukiandika leo kitu ambacho leo wenye mashine peke yao wanakisoma, umechagua wasomaji wako. Inatakiwa ulisema wazi. Kwa maoni yangu, kazi ile haikuweka kwenye mizani ule mzigo inaouachia mutu wa nchi isiyo na mashine. Haraka ya mwandishi imelipwa na msomaji.

La pili: kipande kimoja cha jeni si shahidi wa kutosha

Mu 2022 Rudolf Meier na wenzake walichukua data ileile ya Costa Rica wakaichambua upya, wakatoa matokeo mu gazeti la Cladistics. Walionyesha kwamba makundi yale ya barkodi hayasimami imara: ukibadilisha njia ya kuhesabu, mipaka ya makundi mengine inahama. Yaani nyigu wawili wanakuwa aina moja ama mbili kufuatana na programu uliyochagua. Kwenye sheria tunajua: ushahidi wa mutu mmoja haufungi kesi. Mu biolojia vilevile, jeni moja inaweza kubeba historia yake yenyewe isiyo historia ya aina nzima. Alama ya mwilini inatakiwa kuja kuthibitisha ama kupinga. Bila hiyo, jina linabaki kama nyumba ya nguzo moja.

La tatu: majina mapya hayawezi kuongea na ya zamani

Hili kwangu ni zito kuliko yote. Kule Tervuren, Ubelgiji, mu Musée ya Afrika ya Kati, kuna mamilioni ya wadudu wamekauka kwenye pini, na wengi walitoka Kongo. Nyigu wengi wa Afrika walipewa majina zamani, kwa alama za mwili peke yake. ADN ya mdudu aliyekaa kwenye pini miaka 80 mara nyingi imekatikakatika, na wakati mwingine mwenye kabati hakubali ukate hata mguu wa mfano wa kwanza uliobeba jina. Sasa mutu akija Kivu kesho na njia ya Sharkey, akatoa majina 400 kwa barkodi, tutajua vipi kama mia ya hao hawakuwa na jina tayari tangu 1930? Upande mmoja una mwili bila ADN, upande mwingine una ADN bila mwili. Watu wawili wasio na lugha moja hata ya kusalimiana. Mtaalamu atakayekuja nyuma njo atalipa deni hilo.

Jina likikosewa, nani anakula hasara?

Pengine munajiuliza kama haya si mabishano ya ba-profesa. Tuangalie mifano mitatu, yote ya kwetu Afrika.

Kenya, miaka ya 1920. Koshenili, vile vidudu vyeupe kama unga, vilivamia kahawa. Kwanza viliitwa kwa jina la koshenili ya machungwa, baadaye kwa jina la aina nyingine inayopatikana Asia. Kwa kuwa jina lilisema Asia, wakaenda Asia kutafuta nyigu. Waliotoka kule hawakusaidia. Mu 1935 Le Pelley alionyesha kwamba ni aina nyingine kabisa, akaiita kenyae, na kwao hasa ni upande wa Uganda. Mu 1938 nyigu waliletwa toka Uganda, na kahawa ikapumua. Jina moja baya liliwafanya wavuke bahari kutafuta kitu kilichokuwa kwa jirani. Na munajua nyigu yule aliandikwa vipi vitabuni? *Anagyrus* "anayekaribia *kivuensis*". Kivuensis, wandugu! Jina la Kivu yetu limo mu moja ya ushindi wa kilimo wa Kenya, na mu miaka yangu yote ya chuo sikumsikia mutu akilitaja.

Mfano wa pili unagusa sombe yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, upande wa Kinshasa na Brazzaville, koshenili ngeni ilianza kukausha mihogo. Danièle Matile-Ferrero aliipa jina mu 1977: *Phenacoccus manihoti*. Walijua muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, wakaenda kutafuta huko. Kaskazini mwa bara lile walipata koshenili inayofanana nayo sana, wakachukua nyigu wake. Nyigu walishindwa. Walipotazama vizuri, ilikuwa ni aina nyingine. Mu 1981 Cox na Williams waliipa jina *herreni*. Aina za koshenili zinatofautishwa kwa vitundu na vijitobo vya ngozi ambavyo utaviona tu chini ya mikroskopi, mdudu akiwa amelazwa kwenye kioo. Mwaka uleule wa 1981 Tony Bellotti aliipata ile ya kweli Paraguay. Pamoja nayo alikuwepo nyigu *lopezi*, ambaye De Santis wa Argentina alikuwa amemwandika tangu 1964. Nyigu huyo aliachiliwa Nigeria mu 1981 na akasambazwa Afrika. Hans Herren, aliyeongoza kazi ile, alipata Tuzo ya Chakula ya Dunia mu 1995.

Tusimame hapo kidogo. De Santis mu 1964 hakujua kwamba nyigu wake ataokoa mihogo ya Kongo. Aliandika tu alama za mwili, kwa namna ambayo mutu mwingine anaweza kusoma. Miaka 17 baadaye, wakati wa njaa, jina lilikuwa tayari linangoja.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi. Mu 1993 ICIPE ya Nairobi iliachilia pwani ya Kenya nyigu *Cotesia flavipes* toka Asia, kupigana na kiwavi kinachotoboa shina la mahindi. Lakini Afrika tayari kulikuwa na ndugu yake, *Cotesia sesamiae*, anayefanana naye kabisa. Baadaye swali likawa: hawa tunaokusanya shambani ni wageni tulioleta ama ni wenyeji? Jibu lilitoka mu sehemu za siri za dume, kitu ambacho ni sehemu ndogo ya milimita. Bila alama hiyo, usingejua kama mradi mzima ulishika ama ulikufa.

Lakini na alama ndogo zisifanywe Mungu

Musinielewe vibaya. Sisemi turudi mu 1930. Alama za mwili nazo ziliwahi kutudanganya. *Trichogramma*, wale nyigu wadogo wa mayai wanaozalishwa kwa mamilioni na kuachiliwa mashambani, kwa muda mrefu walitofautishwa kwa rangi na ukubwa. Kumbe rangi inabadilika na joto, ukubwa unabadilika na yai alilokulia. Watu walikuwa wanaachilia nyigu bila kujua ni yupi. Mpaka Nagarkatti na Nagaraja, wa India, kuanzia 1968, walipoonyesha kwamba sehemu za siri za dume zinatofautisha vizuri. Alama ilikuwepo, walikuwa wanaangalia pasipo.

Na kuna mahali ambapo hata dume hasemi kitu. *Cotesia sesamiae* wa Kitale, mlimani Kenya, anakua vizuri ndani ya *Busseola fusca*, kiwavi cha shina la mahindi ya mlimani. *Cotesia sesamiae* wa Mombasa akitaga mu kiwavi kilekile, kiwavi kinayafunika mayai na kuyaua. Kwa mikroskopi wote wawili ni jina moja. Kwa mkulima ni tofauti kati ya kuvuna na kukosa. Hapo ADN inakuja kusema kile ambacho jicho halikuona.

Kwa hiyo mfano ninaoutaka si wa zamani, na si wa Sharkey. Uko mu ZooKeys hiyohiyo, mu 2017: *Cotesia typhae*, nyigu wa Afrika ya Mashariki, aliyeelezwa na Laure Kaiser na wenzake, kati yao watafiti wa Kenya. Hawa walikuwa wamechanganywa na *sesamiae* miaka yote. Waandishi walileta ADN, wakaleta mwili, wakaongeza habari ya kiwavi anachokula na mmea anakoishi, ule wa majini unaoitwa *Typha*, njo jina likatoka humo. Mashahidi ni wengi na wanakubaliana. Aliye na mashine atasoma ADN. Aliye na mikroskopi atasoma mwili. Aliye na magoti yenye matope atajua ni kwenye mmea gani aanze kutafuta. Ni aina moja tu, si 403. Lakini ukinipa nichague, nachukua hiyo moja.

Najua Sharkey angejibu: kwa mwendo huo hamutamaliza. Ni kweli, hatutamaliza. Lakini aina yenye jina ambalo hakuna mutu wa shamba anayeweza kulitumia, imemalizwa vipi? Kuhesabu si kujua. Wangeweza kutoa zile 403 kama makundi yenye namba, bila majina ya Kilatini, na kuacha jina lije pamoja na alama zake. Habari za viwavi, ambazo ni dhahabu ya kazi ile, zingebaki na thamani yote.

Na sisi je?

Ningesimama hapa, ningekuwa mnafiki. Kwa sababu kosa ninalolisema la Costa Rica, sisi tunalifanya kila mwaka, na bila kisingizio cha aina 403.

Memwari yangu ilikuwa juu ya maadui wa kiwavi-jeshi. Toka mayai yake nilipata nyigu weusi, chini ya milimita moja. Niliandika "*Telenomus* sp.", nikaweka jedwali la asilimia, nikatetea, nikapongezwa. Hakuna aliyeniuliza ile "sp." inaficha nini. Mie pia sikujiuliza. Mu 2019, Marc Kenis na wenzake walionyesha kwamba *Telenomus remus*, ambaye Nixon alimwandika 1937 toka Malaysia, yuko tayari Afrika: Benin, Côte d'Ivoire, Niger, Kenya, Afrika Kusini. Walimthibitisha kwa mwili na kwa ADN pamoja. Niliposoma, nilikimbia kutafuta nyigu wangu. Kumbe nilikuwa nimewahesabu na kuwamwaga. Madume wote, wenye jibu mwilini mwao, walienda na maji ya kunawa mikono. Pengine nilikuwa nimeshika habari ya kwanza ya mkoa wetu. Pengine hapana. Sitajua kamwe, na mwingine hatajua, juu sikuacha kitu cha kuangalia.

"Sp." yangu na barkodi ya Sharkey ni ndugu. Zote mbili zinamwambia msomaji: niamini. Na sayansi haikujengwa kwa kuaminiana, ilijengwa kwa kuachia mwenzako njia ya kukuhakikisha.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla hatujangoja mashine ya milioni, kuna mambo ya bei ya chupa ya alkoholi. Usimwage nyigu, mweke mu alkoholi kali, na karatasi ya penseli ndani ya chupa: tarehe, kijiji, mmea, kiwavi. Tenga madume. Weka nusu ya mifano bila kuigusa, ili siku ADN itakapowezekana, iwepo ya kupima. Piga picha ya bawa kwa simu kupitia jicho la mikroskopi. Inatoka vizuri kuliko munavyofikiri. Jifunze kuandaa dume mmoja kwenye kioo. Utavunja kumi, wa kumi na moja atakaa. Na chupa zako zisibaki chini ya kitanda cha home: pale Lwiro kuna kituo cha utafiti kilichoanza kama IRSAC tangu 1947, pale Mulungu kuna INERA. Omba wakupokelee, wakikataa omba tena, na waandikie mu memwari namba ya chupa.

Na ninyi ba-asistanti munaokaa mu jury: mwanafunzi akileta "sp.", muulizeni tu swali moja. "Mifano iko wapi?" Akijibu iko kwenye chupa namba fulani, mpe alama zake, hata kama hakufika kwenye jina. Akijibu alimwaga, musimpongeze vile walinipongeza mie.

Kazi ya Sharkey isomeni. Someni hasa majedwali ya viwavi, mujifunze toka kwa watu wale wa Guanacaste vile mutu wa kijiji anaweza kujaza maktaba ya dunia. Lakini mukifika kwenye majina, mujiulize swali la mutu wa shamba: nikiwa na huyu mdudu mkononi, hapa, leo, jina hili litanisaidia kumjua? Kama jibu ni hapana, kazi bado haijaisha, hata kama imeshachapishwa.

Mwenye mawazo tofauti aandike, tubishane kwa heshima. Na mwenye nyigu ndani ya chupa, tafadhali, asimwage.